TAIRI MPYA ZA MOTAKAA: KIPIMO KIFAACHO NI KIPI?

Zipo motakaa ambazo injini huyasukuma magurudumu yote manne wakati wote, wala si mawili tu. Nyingi za Subaru Forester zilizoletwa Kenya kutoka Japani ni za namna hiyo, nazo hupendwa na watu wapitao njia za matope na milima. Lakini ubora huo una sharti lake: tairi zote nne ziwe za kipimo kimoja, tena ziwe zimelika sawasawa. Asiyelishika sharti hilo aweza kuokoa bei ya tairi tatu leo, na kesho akalipa bei ya difu.

Kusoma kipimo

Kipimo huandikwa ubavuni mwa tairi. Kwa mfano: 225/60R17 99H. Namba 225 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 60 yaonyesha kwamba kimo cha ubavu ni sehemu 60 katika kila sehemu 100 za upana huo, yaani milimita 135. Herufi R yaonyesha jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba 99 ni alama ya uzito, maana yake tairi moja yaweza kuchukua kilo 775. Na H ni mwendo usiozidi kilomita 210 kwa saa. Jumlisha rimu na ubavu wa juu na wa chini, nawe utapata kipenyo cha tairi nzima: karibu milimita 702.

Tairi ya 225/65R17 huingia katika rimu ile ile, na muuzaji aweza kusema kwamba yafaa. Lakini kipenyo chake ni karibu milimita 724. Zikifungwa nne za namna hiyo, saa ya mwendo itamdanganya dereva: ikionyesha 80, motakaa yaenda karibu 83. Ikifungwa moja tu, hasara ni kubwa zaidi.

Kwa nini difu huharibika

Gurudumu dogo huzunguka mara nyingi kuliko kubwa katika safari ile ile. Mtu aweza kupasukiwa na tairi moja, akanunua mpya ya kipimo kile kile, hali zile tatu zimekwisha kulika meno kwa milimita 5. Kutoka Nairobi mpaka Mombasa, karibu kilomita 480, kila tairi iliyolika itazunguka zaidi ya mara 3,000 kuliko ile mpya. Chombo cha katikati kigawanyacho nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ambacho mafundi hukiita difu ya katikati, kiliwekwa kusawazisha tofauti ndogo, kama wakati wa kupiga kona. Sasa hakipumziki hata katika njia iliyonyoka. Hupata moto, mafuta yake huharibika, na mwishowe sehemu zake huungua.

Mambo ya kufanya

1. Soma kibandiko kilichopo penye mlango wa dereva, au kitabu cha motakaa. Hata maneno yakiwa ya Kijapani, namba za kipimo husomeka.

2. Nunua tairi nne pamoja, za kampuni moja na namna moja. Alama ya uzito isiwe chini ya ile iliyoagizwa.

3. Ikiharibika moja tu, fundi apime kina cha meno ya zile zilizobaki. Motakaa nyingi za namna hii hazivumilii tofauti zaidi ya milimita 1 au 2. Ikizidi, yafaa kutafuta tairi nzima iliyotumika, ya kampuni ile ile, iliyolika kiasi kile kile. Isipopatikana, zibadilishwe zote.

4. Hamisha tairi za mbele na za nyuma kwa wakati uliotajwa kitabuni, na upime upepo mara kwa mara, maana tairi yenye upepo mdogo huwa kama tairi fupi.

Kupima meno ya tairi ni kazi ya dakika chache tu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.