Mhuri ulio nyuma ya kijiko



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, Tunduma. Jioni moja baada ya mazoezi ya kwaya, kijana mmoja wa VIWAWA alinivuta pembeni, akafungua mfuko wa kitambaa. Ndani kulikuwa na vijiko sita na uma sita, vizito, vimechongwa maua kwenye mpini.

"Frateri, hii ni fedha ya Kifaransa, ya zamani. Imetoka Lubumbashi. Hebu niangalizie."

Alivinunua kwa dalali pale mpakani, kwa mtaji wake wote wa biashara ya viatu. Dalali alimwonyesha namba 84 nyuma ya kijiko, akamwambia maana yake ni fedha asilimia 84, na kwamba Ulaya wapo watu wanaokusanya vyombo vya namna hii na kuvilipia vizuri. Hilo la mwisho ni kweli. Wapo.

Mimi si mtaalamu. Ila nilipokuwa msakristia, padre mmoja mzee alitufundisha kugeuza kalisi za zamani na kusoma chini yake. Wamisionari kutoka Ufaransa walianza Bagamoyo mwaka 1868, na Mapadre Weupe wakashika Karema mwaka 1885. Padre alikuwa akisema, ukitaka kujua chombo cha Kifaransa, usiangalie kinavyong'aa, geuza.

Utaratibu wenyewe ni huu. Tangu mwaka 1838, chombo cha fedha halisi cha Ufaransa hupimwa kwanza, kisha hupigwa mhuri mdogo wa kichwa cha Minerva, mungu wa kike wa Warumi wa kale, amevaa kofia ya vita. Kwenye vyombo vya zamani, namba 1 pembeni yake ilimaanisha sehemu 950 za fedha katika 1,000. Kukiwa na namba 2, ni sehemu 800. Fundi naye hupiga mhuri wake, wenye umbo kama almasi ya kwenye karata. Lakini chombo cha kuchovya, yaani madini mengine yaliyopakwa fedha juu, fundi wake hupiga mhuri wa mraba.

Tukavuta picha kwa simu. Hakuna Minerva. Mraba upo. Na ile 84? Ni gramu 84 za fedha zilizopakwa juu ya dazeni nzima, vijiko 12 na uma 12. Gawanya mwenyewe: gramu tatu na nusu kwa kila kimoja.

Akakaa kimya. Halafu akasema, "Frateri, kuna mama wa Nakonde anavitaka. Hajui haya mambo ya mhuri. Nikimwambia ni fedha tupu, hela yangu inarudi. Si mimi mwenyewe nimepigwa?"

Vijana wenzangu, sikumjibu haraka. Mtaji wa mtu si kitu cha kuchezea, na mimi nilikuwa narudi seminarini ambako ugali napikiwa. Ni rahisi kumhubiria mtu juu ya hela ambayo si yako.

Nilichomwambia ni hiki. Kiwanda hakikukudanganya. Kilipiga mraba, kikaandika 84, kikasema ukweli kuhusu kijiko chake. Kilichodanganya ni mdomo wa mtu. Sasa kijiko kinasubiri mdomo wako.

Nikamsimulia habari za Mtakatifu Eligio, mhunzi wa dhahabu wa karne ya 7 huko huko Ufaransa, baadaye askofu. Inasimuliwa kwamba Mfalme Klotari alimpa dhahabu ya kutengeneza kiti kimoja cha enzi, yeye akatengeneza viwili, kwa sababu hakuiba hata punje. Mfalme asingejua. Eligio alijua, na Mungu alijua. Ndiye msimamizi wa mafundi wa madini, na sikukuu yake ni tarehe 1 Desemba.

Usiku ule nilitafakari jambo moja. Fedha hupimwa kwanza, ndipo ipigwe mhuri. Sisi kwa Mungu ni kinyume chake. Siku ya Kipaimara tulipigwa mhuri usiofutika (Katekisimu namba 1304) kabla hatujapimwa lolote. Wengine tulikuwa watoto wa shule tu. Mungu hakusubiri tufaulu. Moto unakuja baadaye, kama wa mfua fedha wa Malaki 3:3, na kwetu Tunduma moto huo mara nyingi ni mpaka, mzigo, dalali, na mteja asiyejua. Hatusemi kweli ili tupate mhuri. Tunasema kweli kwa sababu tunao.

Wiki iliyofuata alinipigia. Alimgeuzia yule mama kijiko, akamwonyesha mraba, akamweleza ile 84. Mama akacheka, akavichukua hivyo hivyo kwa ajili ya harusi ya binti yake, kwa bei ya vijiko vya kuchovya. Kijana hakupata hata nusu ya hela yake. Hakuwa na furaha, na sitawaambia kwamba Mungu alimrudishia mara mia. Ameanza upya na soksi. Ila aliniambia, "Frateri, nikikutana na yule mama njiani, siwezi kujificha." Nadhani hiyo nayo ni aina ya mtaji.

Kwa tafakari yako wiki hii:

1. Soma Mithali 11:1. Mizani yako ya udanganyifu iko wapi: dukani, kwenye mtihani, kwenye simu?
2. Je, kuna mtu aliyekupiga, nawe unatafuta wa kumpiga ili mtoshane?
3. Mtu akikugeuza leo, atasoma nini?

Ee Bwana uliyetutia mhuri kabla ya kutupima, utusaidie tusimame motoni. Mtakatifu Eligio, utuombee. Amina.