Istilahi za Udongo: Kutoka Tasnifu hadi Shambani

Nchini Kenya, mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika sayansi ya udongo huandika tasnifu yake kwa Kiingereza. Mkulima anayempa sampuli, hata hivyo, ana msamiati wake: kichanga, tifutifu, mfinyanzi. Utata huzuka katika kemia. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5, alumini huyeyuka udongoni na kudumaza mizizi ya mahindi. Tiba ni chokaa. Mkulima akiambiwa tu kwamba shamba “limechoka”, huenda akaongeza mbolea ya DAP, ambayo huzidisha asidi. Neno hilo halitofautishi upungufu wa rutuba na wingi wa asidi. Hivyo basi, mtafiti hana budi kuandaa muhtasari wa Kiswahili unaobainisha kipimo, athari na tiba. La sivyo, utafiti wake hautamfaa aliyetoa udongo.