Shangazi Bado Anahitaji Sala Zetu

Vijana wenzangu, Novemba inaingia, mwezi ambao Kanisa linatualika kuwakumbuka marehemu. Kwangu mwaka huu una uzito wake, maana shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, tulimzika mwezi wa Machi.

Hata tanga halijaanuliwa, simu zilishajaa picha yake na maneno "malaika wetu yuko mbinguni". Nawaelewa waliotuma, walimpenda. Ila binadamu hafi akageuka malaika. Malaika ni roho tupu tangu kuumbwa kwake. Sisi ni mwili na roho. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anasisitiza kwamba roho peke yake siyo mtu mzima, ndiyo maana ufufuko wa mwili ni wa lazima katika tumaini letu. Mimi hilo linanifariji kuliko habari za malaika. Shangazi niliyemjua alikuwa na mikono iliyokakamaa kwa kukanda unga wa maandazi saa kumi alfajiri, na kwa mikono hiyohiyo alinichora msalaba kwenye paji la uso kila nilipofunga safari ya seminari. Nangoja kuiona tena.

Halafu kuna hasara nyingine. Tukishamtangaza mtu kuwa mtakatifu siku ya mazishi, tunaacha kumwombea. Wa nini tena, si ameshafika? Katekisimu (namba 1030 hadi 1032) inafundisha kwamba anayekufa katika neema ya Mungu akiwa hajatakasika kikamilifu ana hakika ya wokovu, ila anapitia utakaso kwanza. Kwa hiyo toharani siyo jehanamu ndogo, kama wengine tulivyotishwa nayo utotoni. Aliyeko kule hapotei. Na sala zetu zinamsaidia: soma 2 Wamakabayo 12, uone Yuda Makabayo alivyochangisha fedha ili itolewe sadaka Yerusalemu kwa ajili ya askari wake waliouawa.

Najua kuna atakayeniuliza: "Shangazi yako si alikuwa mama wa WAWATA, rozari haimtoki mkononi, anahitaji nini zaidi?" Basi mtazame Mtakatifu Monika. Alifia Ostia, karibu na Roma, mwaka 387, akiwa njiani kurudi Afrika. Siku zote alitaka azikwe kando ya mumewe nyumbani, lakini mwishoni akawaambia wanawe mwili wauzike popote, wasihangaike. Aliomba tu wamkumbuke kwenye altare ya Bwana. Augustino anasimulia hayo katika Maungamo, kitabu cha 9. Anamsifu mama yake sana, kisha hapohapo anamwombea msamaha wa dhambi. Kama Monika aliombewa, shangazi yangu ni nani asiombewe?

Yeye mwenyewe alilielewa hili bila kusoma falsafa. Alikuwa na daftari la majina ya marehemu: ndugu, majirani, hata mteja wake mmoja aliyekufa bila ndugu wa karibu. Kila Novemba aliyanakili yote kwenye bahasha ya parokia. Daftari sasa ninalo mimi, na nimeshaongeza jina lake.

Cha kufanya siyo kigumu. Kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba, ukitembelea makaburi na kuwaombea marehemu, hata kimoyomoyo tu, unaweza kumpatia marehemu rehema kamili, moja kwa kila siku. Masharti ni yaleyale: kitubio, Komunyo, sala kwa nia za Baba Mtakatifu, na moyo usiong'ang'ania dhambi yoyote, hata ndogo. (Hilo la mwisho ndilo gumu, tusidanganyane.) Kitubio kimoja kinatosha kwa rehema za siku kadhaa, ila Komunyo na sala ni kwa kila rehema.

Parokiani kwetu bahasha zinakusanywa Jumapili hii. Kama na kwenu ni hivyo, muulize mama au bibi majina ya wale wa zamani, maana wengi wetu tunaishia kwa babu tu.