Kulipima Ini Bila Kisu

Tukisikia mtu ana ugonjwa wa ini huwa tunauliza kwanza kama linamuuma. Kumbe ini ni kiungo kinyamavu. Huweza kuharibika miaka mingi bila maumivu makali, na mgonjwa akashtuka siku tumbo linapojaa maji au anapotapika damu. Mwezi huu tuone jinsi linavyoweza kuchunguzwa mapema.

Njia ya zamani, ambayo ingali inatumika, ni kuchoma sindano ndefu ubavuni na kuchota kipande kidogo cha ini. Wagonjwa huiogopa, na kwa kweli huweza kuleta kutokwa damu. Ipo njia nyingine isiyogusa ngozi, iitwayo spektroskopia ya sumaku.

Chembe za ini hutunza nguvu itokanayo na chakula katika kemikali iitwayo ATP, na ndani yake mna fosforasi. Mtu hulazwa ndani ya sumaku kubwa, mashine hutuma mawimbi ya redio, na fosforasi hujibu. Iliyomo katika ATP hujibu kwa sauti yake, na iliyomo katika kemikali nyingine kwa yake. Ni kama mwalimu wa kwaya: hata akifumba macho hujua kuwa besi wamepungua.

Mwaka 1999 madaktari wa Baltimore, Marekani, walieleza jinsi walivyowadunga watu sukari ya matunda mshipani. Ini hutumia ATP kuishughulikia sukari hiyo, hivyo akiba hushuka. Kwa watu wazima wa afya ilipanda tena. Kwa wale ambao ini lao limevimba kwa sababu ya mafuta (wala hawakuwa walevi!) ilishindwa kurudi vizuri.

Hata hivyo mpaka leo kipimo hiki ni cha watafiti zaidi, na mkazi wa Mabatini asikingoje. Huku kwetu ziwani adui mkubwa wa ini ni kichocho cha tumbo. Vijidudu vyake humwingia mtu kupitia ngozi anapooga au kuvua ziwani. Minyoo ikishakomaa hukaa katika mishipa ya matumbo, na mayai yake huchukuliwa na damu hadi kwenye ini, yakanasa humo na kuacha makovu. Damu hukosa njia, bandama huvimba, na mishipa ya umio hutanuka hata kupasuka. Hapo ndipo mtu hutapika damu.

Jambo la kushangaza ni kwamba chembe zenyewe za ini huendelea kufanya kazi muda mrefu katikati ya makovu hayo. Kwa hiyo kipimo cha damu huweza kusema ini ni zima, wakati ultrasaundi inayaonyesha makovu waziwazi. Anayeishi kwa uvuvi, au aliyeogelea ziwani tangu utoto, amwulize daktari kuhusu ultrasaundi. Haina kisu, na Bugando ipo.

Homa ya ini aina ya B nayo ipo. Chanjo yake iliingizwa katika chanjo za watoto wa Tanzania mwaka 2002, hivyo wazazi wengi hawakuipata, wapime damu.

Na kwa kichocho cha tumbo, mayai hayatafutwi katika mkojo. Mayai yake hutafutwa katika choo kikubwa. Yakionekana, dawa ni prazikwanteli, inayotolewa kwa kadiri ya uzito wa mgonjwa. Makovu machanga huweza kupungua baada ya dawa. Yaliyokomaa ni vigumu.