SOMO LETU: BWAWA LA KIJIJI NA USALAMA WAKE



Leo tujifunze juu ya bwawa dogo la udongo, lile ambalo wengine huliita silanga. Hapa Kikoneni mvua tunapata. Masika ya Aprili hadi Juni huleta maji mengi, lakini yanapita mbio kuelekea Mto Ramisi na kuishia baharini. Ikifika Januari na Februari akina mama wanakwenda mbali na mitungi, na ng'ombe wanakonda. Bwawa huyazuia yale maji yatungoje. Lakini maji yaliyofungiwa yana nguvu, na anayeyafungia lazima ajue kuyachunga.

Bwawa letu lina maji kiasi gani?

Hebu chukueni kamba. Pimeni upana wa maji pale kwenye tuta, kisha urefu wa maji kutoka tutani hadi yanapoishia bondeni, kisha kina pale palipo kirefu zaidi. Zidisheni, halafu gawanyeni kwa 6. Mfano: mita 60 mara 100 mara 3 ni 18,000. Ukigawa kwa 6 unapata mita za ujazo 3,000, yaani mitungi 150,000 ya lita 20. Si haba! Lakini pia ni tani 3,000 za maji, zimekaa juu ya watu wanaoishi chini ya tuta.

Jua nalo hunywa. Wakati wa kiangazi bwawa huweza kupoteza nusu sentimita kila siku. Ndiyo maana bwawa jembamba lenye kina ni bora kuliko lile pana la kufika magotini.

Tuta huvunjika vipi?

Njia kubwa ni mbili. Ya kwanza, maji kupita juu ya tuta. Udongo hauvumilii hilo. Mfereji mdogo huwa shimo, na shimo huwa pengo kwa muda mfupi tu. Ya pili, maji kupenya ndani, kwa kufuata mashimo ya mchwa na fuko au mizizi iliyooza.

Tusidhani ni hadithi. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, katika mvua kubwa za masika, bwawa la Patel huko Solai, Nakuru, lilivunjika na watu zaidi ya 40 wakafa. Tarehe 29 Aprili 2024 karibu na Mai Mahiu, maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli kwa sababu njia yake ya chini iliziba takataka. Yalipobomoa yalipita kwenye nyumba alfajiri, watu wamelala. Hilo halikuwa hata bwawa. Somo ni moja: maji yakikosa njia yatajitengenezea.

Kabla ya kujenga

Mwoneni afisa wa maji, na ombeni kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Fundi apime bonde na udongo. Msingi uchimbwe na kujazwa udongo wa mfinyanzi, na tuta lishindiliwe tabaka kwa tabaka, udongo ukiwa na unyevu. Kilele kiwe angalau mita 1 juu ya sakafu ya mlango wa kutolea maji ya ziada. Mlango huo uwe pembeni, kwenye ardhi ngumu, wala usikatwe katikati ya tuta.

Kazi ya kamati kila mwezi, na kila siku wakati wa mvua

1. Safisheni mlango wa maji ya ziada. Hapa ndipo tunapojidanganya. Mtu huweka magunia ya mchanga ili maji yasipotee, mwingine huweka wavu wa samaki. Anaongeza maji ya wiki chache, anahatarisha bwawa zima. Kama mnataka maji zaidi, chimbeni tope wakati wa kiangazi, mbali na mguu wa tuta.
2. Pandeni ukoka juu ya tuta. Msipande mkorosho, mnazi wala mti wowote.
3. Ng'ombe wasipite juu ya tuta. Watengenezeeni birika chini, na zungushieni bwawa ua wa miiba.
4. Zibeni mashimo ya wanyama na shindilieni vizuri.
5. Tembeeni upande wa nje wa tuta. Maji machache yakitoka safi, wekeni alama na muyaangalie. Yakitoka na tope, au yakizidi, basi udongo wa ndani unaondoka. Msizibe tundu kwa nje, maana maji yatatafuta njia nyingine. Waondoeni watu wa bondeni kwanza, mtoto na mzee mbele, kisha mwiteni chifu na afisa wa maji. Vitu vya nyumbani vitafuatwa baadaye.

Matumizi

Maji ya bwawa ni ya mifugo, bustani ya mboga, matofali na samaki. Ya kunywa ni afadhali yatoke kwenye kisima kilichochimbwa kando na kufunikwa. Kwale ilijifunza tangu miaka ya 1980 kutunza visima vya bomba la mkono kwa kamati za vijiji, na akina mama wakiwa mafundi. Ujuzi huo tusiupoteze. Mkiteka bwawani, chemsheni.

Kichocho nacho kipo Kwale kwa muda mrefu. Hutokana na mkojo wa mgonjwa kuingia majini penye konokono. Watoto wasioge humo, na vyoo viwe mbali. Mtoto akikojoa damu apelekwe zahanati; dawa ipo. Kumbukeni pia kwamba bwawa lisilo na ua huweza kumzamisha mtoto kwa dakika chache.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Ni nyumba ngapi ziko chini ya bwawa letu? Usiku tutawaamshaje: ngoma, filimbi au simu?
2. Nani ana zamu ya kukagua mlango wa maji mvua ikinyesha?
3. Mmoja wetu akiuziba kwa faida yake, tutamwambia nani, na kwa adabu gani?

Haba na haba hujaza kibaba. Tuta nalo hubomoka kwa haba na haba, kwa hiyo tusingoje masika. Kaguaneni zamu zenu wiki hii.