Kazi Nyingi, Tuanzie Wapi?

Wapendwa wanakikundi, hebu fungueni kitabu cha kumbukumbu. Tazameni pale katibu anapoandika "Mambo yatokanayo na mkutano uliopita." Je, kuna jambo lililoandikwa hapo mara tatu au nne, na kila mara likafuatwa na maneno "tutalizungumza mkutano ujao"? Kama lipo, somo hili ni lenu.

Wengi husema kuahirisha kazi ni uvivu. Mimi sikubali. Mama anayeamka saa kumi na moja, akakama ng'ombe, akapalilia, akateka maji, ndipo akaja mkutanoni, huyo si mvivu. Shida ni kwamba kazi zote zinalia pamoja kama watoto wenye njaa, na mtu hajui amshike yupi kwanza. Basi hashiki hata mmoja. Anafagia uwanja, anapanga viti. Anaonekana ana shughuli, lakini kazi yenyewe bado inamngoja.

Tuchukue mfano. Kikundi cha watu 18 kina orodha hii mwezi wa Februari: kufunga gata za tangi la maji, kuchanja kuku, kufunga hesabu za mwaka uliopita, kufanya upya cheti cha usajili, kubadilisha watia sahihi benki, kufuatilia wenye mikopo, kutengeneza ua. Mwenyekiti anasoma yote saba, watu wanaguna, kisha mazungumzo yanageukia nani ataleta maziwa ya chai.

Ulizeni kwanza: ni yapi ambayo siku yake hatuipangi sisi? Katika sehemu nyingi za nchi yetu mvua ndefu huanza Machi, nayo haingoji kamati. Paa la mabati la mita 5 kwa 10 likinyeshewa mvua ya milimita 20 hupokea lita 1,000. Hata robo ikipotea, mnabaki na mitungi zaidi ya 35 ya lita 20. Gata zikifungwa Mei, maji hayo yamekwenda zake. Kideri pia hakingoji: chanjo hukinga kuku mzima, haimponyi aliyekwisha kuugua. Na cheti? Chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, cheti hudumu miaka 2. Someni tarehe iliyo juu yake leo, msingoje siku ya kwenda benki ndipo mwambiwe kimekwisha. Kwa hiyo cheti kitangulie, watia sahihi wafuate.

Ua unaweza kungoja. Uandikeni ukurasa wa nyuma na usisomwe tena mpaka Juni. Kusoma kila mkutano jambo ambalo hakuna atakayelifanya kunachosha watu bure.

Sasa tuje kwa hesabu, maana hapo ndipo vikundi vingi hukwama. "Kufunga hesabu" ni neno kubwa lisilo na mlango. Mtu hajui aingilie wapi. Andikeni hatua ya kwanza tu: "Jumanne saa nane, mweka hazina na mjumbe mmoja, nyumbani kwa mweka hazina, wapange risiti za Januari mpaka Machi." Lina siku, lina mahali, lina watu. Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer alieleza mwaka 1999 kwamba anayeamua mapema ni lini, wapi na vipi atafanya jambo, hulitimiza zaidi kuliko anayesema tu kwamba anakusudia. Nyanya zetu walijua hivyo walipopanga zamu za kulimiana.

Lakini kuna kukawia kwingine ambako ratiba haikuondoi. Pengine mweka hazina amepiga hesabu mara mbili na shilingi 1,350 hazionekani. Hakuiba, labda risiti ya mbegu ilipotea. Anaogopa kuitwa mwizi, basi anasema "bado bado." Kila mwezi daftari linazidi kuwa zito. Mkimwita ghafla ajieleze mbele ya watu wote 18, msishangae daftari "likiliwa na mchwa." Afadhali mkutano ukubaliane kabla: watu wawili watakaa naye, na kama kuna pengo litaandikwa kama lilivyo, ndipo itafutwe sababu. Mtu akijua atakavyopokelewa, huleta daftari mwenyewe. Wenye mikopo nao ni vivyo hivyo. Wengi hukwepa mkutano kwa aibu ya deni, na mjumbe akiwatembelea nyumbani taratibu, angalau watasema wanaweza kulipa kiasi gani kwa mwezi.

Maswali ya kuzungumzia (mkae watu watano watano):

1. Ni jambo gani limekaa zaidi katika kumbukumbu zetu? Ni kazi iliyo kubwa mno, au kuna mtu anaogopa?

2. Hatua yake ya kwanza ni ipi, nani ataifanya, siku gani na saa ngapi? Katibu aandike jina kabla hamjafunga mkutano.

3. Ni jambo gani tutaliondoa kabisa katika orodha?