Kulirudisha Kasha la Redio ya Zamani

Somo la leo ni la mikono. Tunaangalia kasha la mbao la redio kubwa ya kusimama sakafuni, zile zilizotengenezwa Marekani miaka ya 1930. Ni redio za enzi ileile ambayo Papa Pius XI alizindua Radio Vatikani, tarehe 12 Februari 1931, pamoja na Marconi aliyeijenga. Huko Marekani familia zilikaa mbele ya makasha hayo kumsikiliza Fulton Sheen. Lakini leo hatugusi sauti, tunagusa mbao.

Kabla ya yote, usiichomeke kwenye umeme eti "najaribu tu". Ndani mna kapasita zilizochoka, zinaweza kupasuka au kuwasha moto. Hiyo mwachie fundi redio. Wewe vua vitufe, fungua boliti zilizoshika mtambo, toa na spika, na piga picha kila hatua. Karatasi yenye namba ya modeli iliyobandikwa ndani usiiloweshe.

Sasa tuelewane kuhusu mbao yenyewe. Kasha hili si mbao nzima ya mjozi kama linavyoonekana. Kwa kawaida ni plaiwudi na mbao za bei nafuu, na juu yake limebandikwa ganda la mjozi ambalo unene wake haufiki milimita 1. Ndiyo maana mashine ya msasa ni adui hapa. Ukizembea kidogo pembeni, ganda limekwisha, na hakuna vanishi itakayolirudisha. Makasha mengi yameuawa hivyo, tena na watu waliokuwa na haraka ya kuyaokoa!

Anza kwa kusafisha. Chukua kitambaa laini na tarpentaini, futa nta na moshi wa miaka. Mara nyingi utakuta rangi iliyo chini ni nzima kabisa, kazi ikaishia hapo na nta kidogo. Kwa maoni yangu huo ndio ushindi mkubwa kuliko kung'arisha upya.

Ikiwa imeharibika kweli, jaribu mahali pasipoonekana. Ikiyeyuka kwa spiriti, ni shelaki. Ikigoma, lakini ikayeyuka kwa thina ya laka, basi ni laka, na viwanda vya wakati ule vilipenda kupulizia laka.

Hapa kuna mtego ambao wengi hawaujui. Kiwandani walitia rangi ndani ya laka ili miguu na kingo za mbao za kawaida zifanane na mjozi. Ukiondoa laka, ile rangi inaondoka nayo, na unabaki na miguu myeupe chini ya kasha la kahawia. Usishtuke, yaani hujaharibu kitu. Utapulizia laka yenye rangi tena. Ila baadhi ya makasha yana mapambo ya mbao yaliyochapishwa tu kama picha. Hayo ukiyafuta, yamekwenda jumla. Chunguza kwanza kwa kioo cha kukuzia.

Ganda likiwa limebanduka, kumbuka walitumia gundi ya ngozi za wanyama, ambayo hulainika kwa joto na unyevu. Weka kitambaa chenye unyevu kidogo, pitisha pasi ya vuguvugu, kisha bana kwa ubao ukitanguliza karatasi ya nta. Ikigoma, ingiza gundi mpya kwa bomba la sindano.

Mwisho wa kazi ni makoti membamba ya laka, kila moja likikauka kabla ya jingine, nje au kwenye hewa ya kutosha, mbali na moto. Tafadhali vaa barakoa ya mvuke wa kemikali, siyo ile ya vumbi. Na kitambaa cha mbele ya spika, kikiwa bado kinashika, kifutie vumbi tu ukiache kilivyo. Ukilazimika kukibadili, weka chepesi, kwani kizito kinaziba sauti.